Siku Sita Mjimwema: Maji ya Bahari na Maji ya Nyumba

Jumatatu, 9 Juni

Tuliondoka Dodoma kwa treni ya asubuhi tukiwa watu watano: mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 11, binti yetu wa miaka 7, na mama yangu mzazi, ambaye katika miaka yake 72 hakuwa ameiona bahari. Mama alizaliwa Kongwa, akaolewa Kongwa na kutulea Kongwa, na kila nilipomwalika twende Dar es Salaam alinijibu kwamba kukaa ndani ya basi kutwa nzima kungemvimbisha miguu. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipozinduliwa rasmi mwezi Agosti 2024, udhuru huo ulikwisha, kwa kuwa treni hiyo hufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa na abiria wa asubuhi hula chakula cha mchana Dar es Salaam. Mama alikaa dirishani. Tulipoingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa alinishika mkono bila kusema neno, na tulipoipita Morogoro alikuwa amelala.

Nyumba tuliyopanga ni fleti ya vyumba viwili vya kulala iliyoko Mjimwema, Kigamboni, katika jengo la ghorofa mbili linalotazama bahari. Tuliipata kupitia tangazo la mtandaoni, tukazungumza na mwenye nyumba kwa simu, tukamtumia kodi ya siku tano pamoja na amana, naye akatutumia namba ya simu ya mama anayeitunza. Kutoka stesheni mume wangu alitaka tupite Daraja la Nyerere ili tusihangaike na mizigo. Nilimsihi tuvuke kwa pantoni, kwa sababu nilitaka Mama ayaone maji akiwa karibu nayo, asiyapite tu kwa juu akiwa ndani ya gari.

Feri palikuwa na watu wengi kama kawaida yake. Tulilipa nauli, tukasubiri kwenye banda la abiria, na milango ilipofunguliwa umati uliondoka kwa pamoja, wenye ndoo za samaki, wanafunzi, wenye baiskeli na akina mama wenye vitenge, nasi tukamweka Mama katikati yetu. Kuvuka huchukua dakika chache tu. Nyuma yetu ilibaki minara ya makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu pamoja na maghorofa ya katikati ya jiji, na upande wa kushoto mlango wa bandari ulifunguka hadi bahari kuu. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia polepole, na pantoni yetu ikangoja ipite. Mama aliitazama meli ile kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake, kisha akauliza: "Mwanangu, na hii yote imebebwa na maji?" Nilimjibu kwamba ndiyo, imebebwa na maji. Hakuuliza tena mpaka tulipoteremka.

Bajaji mbili zilitufikisha Mjimwema yapata saa tisa alasiri. Mama mtunza nyumba alikuwa akitusubiri langoni pamoja na mzee mlinzi. Ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa hapohapo, Mzaramo kwa kabila, na alipomwona Mama alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo Bibi, karibuni sana, poleni na safari." Mama aliitikia marahaba na kumshika mikono yote miwili. Tangu dakika ile, mambo mengi ya nyumba hayakupitia kwangu tena. Yalipita kati ya wanawake hao wawili.

Kabla hatujafungua begi lolote, mtunza nyumba alileta daftari lenye orodha ya vyombo, tukakizungukia chumba kimoja baada ya kingine. Ningependa kila mpangaji wa nyumba za namna hii apate mtu makini kama yeye. Tulihesabu sahani, sufuria, vikombe na vijiko. Tukaona kwamba glasi mbili hazipo, naye akaandika hapohapo ili tusije tukadaiwa. Tulijaribu jiko, tukapima uzito wa mtungi wa gesi kwa kuuinua, tukawasha feni, tukafungua na kufunga madirisha. Komeo la dirisha la sebuleni lilikuwa limeliwa na kutu kiasi cha kutokufunga. Alieleza kwamba hewa ya chumvi hula kila chuma kisichopakwa rangi mara kwa mara, na kwamba ndani ya mwaka mmoja bawaba mpya huwa kama ya zamani. Wavu wa mbu ulikuwa mzima, na vyandarua vilikuwa safi. Aliandika namba zetu za vitambulisho vya taifa, akasema kwamba angemjulisha mjumbe wa shina kuwa kuna wageni.

Bahari wakati huo ilikuwa imejaa. Tulishuka wote hadi mwisho wa kiwanja, tukakuta mawimbi yakipasuka karibu kabisa na minazi. Watoto walikimbilia majini kabla sijavua viatu. Mama alisimama kwenye mchanga mkavu, akajifunga kanga vizuri kwa ajili ya upepo wa kusi, na akabaki hapo mpaka jua lilipozama nyuma yetu.

Usiku, saa mbili na nusu, umeme ulikatika katika fleti yetu peke yake. Uniti zilikuwa zimekwisha. Nilinunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa simu, nikabonyeza tarakimu 20 kwenye mita huku kijana akinimulikia kwa tochi, na mwanga ukarudi. Nilipousoma ujumbe niliona kwamba sehemu ya fedha yangu ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kodi ya jengo, utaratibu ulioanza mwaka 2021, kwa kuwa huo ulikuwa ununuzi wa kwanza wa mwezi katika mita ile. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo na mpangaji hapaswi kuibeba. Nilimwandikia mwenye nyumba ujumbe wa heshima, na kabla sijalala alikuwa amenirudishia kiasi hicho kwa simu na kuomba radhi kwa kutuachia mita ikiwa karibu na sifuri.

Jumanne, 10 Juni

Binti yetu ndiye aliyetuamsha. Alikuwa amesimama barazani akilia kwa hofu ya kweli kwamba bahari imeondoka. Nilitoka nikaona kwamba mahali tulipoogelea jana palikuwa uwanda wa mchanga wenye mistari, vidimbwi na nyasi za bahari, na maji yenyewe yalikuwa mbali, utepe mwembamba wa buluu chini ya anga.

Nimefundisha jiografia kwa miaka 15. Nimechora bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kukupwa kidogo, ubaoni mara nyingi nisizoweza kuzihesabu; nimeeleza kwamba katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku moja, kwamba kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake, na kwamba mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa hapa Dar es Salaam huzidi mita tatu. Wanafunzi wangu wa Dodoma waliandika hayo yote na kufaulu mitihani yao. Hata hivyo, nikiwa nimesimama pale barazani na mtoto analia, nilitambua kwamba sikuwahi kufikiri mita tatu za kwenda juu ni mita ngapi za kwenda mbele kwenye ufuko ulio tambarare. Kijana wangu alizihesabu kwa hatua akapata zaidi ya 300, kisha akachoka kabla hajayafikia maji.

Chai ya asubuhi ilikuwa na chumvi. Nilidhani kwamba nimekosea sukari, nikamwaga na kupika nyingine, nayo ikawa hivyohivyo. Mtunza nyumba alipokuja alitueleza kwamba maji ya bombani hutoka kwenye kisima cha kiwanjani, hupandishwa kwa pampu hadi kwenye simtanki lililo juu ya paa, na kwamba ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa madumu. Jambo hili tangazo halikulisema, na nilikasirika. Mume wangu alitaka tumpigie simu mwenye nyumba mara moja.

Mama alichota maji yale kwa kiganja, akayaonja, akayatema, akasema: "Maji haya nayafahamu." Kisha alitukumbusha jambo ambalo mimi, niliyehamia mjini nikiwa na miaka 14, nilikuwa nimelisahau, kwamba visima vingi vya kwao navyo vina chumvi, na kwamba yeye amepika, amefua na kulea watoto sita kwa maji mazito kuliko hayo. Alitaka kujua tu ni umbali gani hadi kwa muuza maji na dumu moja linatosha nini. Kufikia saa nne alikuwa amegawa vyombo vya jikoni: ndoo yenye kifuniko kwa maji matamu ya chai na kunywa, beseni kwa kuoshea mboga, na ndoo kubwa ya bafuni ambamo maji yaliyokwisha kuoshea vyombo yangemiminwa kwa ajili ya choo. Mimi niliona kwamba anazidisha uangalifu, kwa kuwa bomba lilikuwa linatoka vizuri.

Saa tisa alasiri, bahari ilipokuwa imejaa tena na watoto wamerudi wakiwa na mchanga hadi masikioni, bomba la bafuni lilikohoa mara mbili na kukauka. Pampu ya kisima ilikuwa imeungua. Tuliwaogesha watoto kwa maji ambayo Mama alikuwa ameyaweka akiba.

Jumatano, 11 Juni

Fundi alifika saa mbili asubuhi, akaivuta pampu kutoka kisimani kwa kamba, akasema kwamba mota imeungua na kwamba angekwenda kutafuta nyingine ng'ambo, upande wa jiji. Nilimuuliza sababu ya chumvi ile, naye akanieleza vizuri kuliko kitabu changu cha kidato cha tatu. Chini ya ardhi ya pwani, alisema, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na ukichimba kwa kiasi na kuvuta kwa kiasi unapata matamu. Viwanja vilipoongezeka na kila kiwanja kikachimba chake na kuvuta mchana na usiku, tabaka la maji matamu lilipungua na ya chumvi yakapanda. Kisima hiki, kwa maelezo yake, kilikuwa kitamu kilipochimbwa.

Wakati pampu ikitafutwa, mtunza nyumba alituambia kwamba siku hiyo ni bamvua na kwamba maji yangekupwa sana kwenye saa nne, hivyo twende pwani tukiwa tumevaa yeboyebo kwa sababu ya miiba na mawe makali. Tulimfuata. Mama naye alikuja, akiwa ameshika fimbo ya mzee mlinzi. Mbali kwenye mwamba tuliwakuta wanawake wengine wa mtaa huo wameinama na vijiti wakichokoa pweza. Wanakijua kila kishimo. Mmoja alituonyesha jinsi pweza anavyojulikana kwa maganda ya kombe yaliyotawanyika mlangoni mwa pango lake, masalia ya mlo wake wa usiku. Aliingiza kijiti, akasubiri, akavuta, na mnyama akaja akiwa amekizungushia mikono yake. Binti yetu alijificha nyuma yangu. Mama alisogea mbele.

Alizungumza nao muda mrefu. Aliwauliza wanajuaje saa ya kurudi, nao wakamwambia kwamba maji yakianza kugeuka huingia kwanza kwenye mikondo ya nyuma yako, si mbele unakotazama, kwa hiyo anayechokoa hugeuka kutazama nyuma kila mara. Mama alilirudia jambo hilo kwa Kigogo, polepole, kama mtu anayeliweka mahali.

Tulinunua pweza mmoja. Mtunza nyumba alimpigapiga juu ya jiwe mpaka akalainika, kisha wakaingia jikoni na Mama. Binti yetu alikaa juu ya mbuzi na kukuna nazi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapata zaidi ya nusu ya nazi kabla mikono haijachoka. Tui likakamuliwa kwa kifumbu kilichokuwa kwenye orodha yetu ya vyombo na ambacho Jumatatu nilikihesabu bila kujua kama tungekigusa. Tulikula pweza wa nazi kwa wali, watu saba, kwa kuwa mzee mlinzi na mtunza nyumba hawakuruhusiwa na Mama kuondoka.

Pampu mpya ilifungwa alasiri. Maji yalipotoka, watoto walishangilia, nami nikaona kwamba Mama hakuziondoa ndoo zake.

Saa kumi na mbili na nusu jioni mwezi mpevu ulichomoza kutoka baharini. Ufuko wa Mjimwema unatazama mashariki, kwa hiyo jua na mwezi vyote huzaliwa mbele ya nyumba. Ulikuwa mkubwa na mwekundu, kisha ukawa wa manjano, kisha mweupe, na njia yake juu ya maji ilifika mpaka kwenye mchanga ulio chini ya baraza letu. Tulizima taa zote. Hatukuzungumza sana.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nilitembea na mume wangu kuelekea kusini mapema, na tukaona jambo lililotusikitisha. Viwanja vitatu baada ya chetu kuna ukuta wa mawe ulioanguka ufukweni, na nyuma yake msingi wa banda umebaki ukining'inia hewani, na minazi miwili imelala kifudifudi, mizizi ikiwa wazi. Mzee mlinzi alisema kwamba ukuta huo ulijengwa karibu mno na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mtu akiziona kuta hizo zilizolala hahitaji kuelezwa kwa nini. Upande wa kaskazini wa jiji, Mbezi Beach, watu bado huita kituo kimoja cha daladala Afrikana, kwa jina la hoteli iliyoliwa na bahari. Wapo vijana wanaoteremka hapo kila siku bila kujua kwamba palikuwa na hoteli.

Siku ya kwanza nilikuwa nimenung'unika kidogo kwamba kutoka mlangoni kwetu hadi mchangani ni hatua 120, wakati picha za tangazo zilionyesha kama mtu angeweza kutia miguu majini akiwa amekaa kitandani. Sasa nilizipenda hatua hizo, na nilimheshimu aliyejenga nyumba hii akairudisha nyuma.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya utulivu. Tulikuwa tumekwisha kujua kwamba asubuhi ni ya kufua, kwa sababu upepo wa kusi hukausha nguo kabla ya adhuhuri ilhali zikiachwa nje usiku hurudi na unyevu wa chumvi; kwamba chumvi ya mezani hushikana kuwa jiwe isipowekewa punje za mchele; kwamba madirisha ya upande wa bahari hufungwa alasiri ili mchanga usijaze vitanda. Kiyoyozi hatukukiwasha tangu Jumanne, kwa kuwa upepo ulitosha na uniti zilikuwa zikiisha kwa kasi. Wavuvi walipoegesha ngalawa saa tatu tulinunua fungu la vibua na changu wawili, na Mama ndiye aliyepatana bei.

Jioni aliingia majini. Hakumwambia mtu. Nilimwona kutoka barazani akiwa amekunja kanga hadi magotini, amesimama mahali ambapo wimbi hufika likiwa limechoka, na kila lilipokuja aligeuza kichwa na kutazama nyuma yake.

Jumamosi, 14 Juni

Tulikabidhi nyumba saa nne. Tuliipitia ile orodha tena, glasi mbili zikiwa zimeandikwa kuwa hazikuwepo, na tukaacha uniti 11 kwenye mita ili wageni watakaofuata wasikutwe na giza kama sisi. Amana ilirudi kamili kabla hatujafunga mabegi. Nilimwomba mwenye nyumba aeleze katika tangazo lake kwamba maji ya bomba ni ya kisima na yana chumvi, na akakubali. Jioni nitalitazama tena nione kama amefanya hivyo.

Mama alikuwa jikoni. Alikuwa ameosha ndoo zote na kuzijaza, ile yenye kifuniko akiitia maji matamu yaliyobaki kwenye dumu. Mtunza nyumba alimwambia, "Bibi, acha tu, nitajaza mimi, wageni wanakuja kesho." Mama alisema, "Najua, mwanangu," akaendelea mpaka ndoo ya mwisho ikajaa.

Safari hii tulipita darajani, kwa teksi, ili tuiwahi treni. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680, na gari hulivuka kabla mtu hajamaliza kutazama. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Mama alitazama saa ya mume wangu, akahesabu kitu kwa vidole, kisha akaelekeza macho upande wa Kurasini kabla hatujafika katikati. "Yatakuwa yamekupwa," alisema. Chini yetu tope lilikuwa wazi hadi kwenye mizizi ya mikoko, na mtumbwi mmoja ulikuwa umelala ubavu ukisubiri maji.